Kantha

Kantha (kwa Kibengali: কাঁথা) ni udarizi wa mkono wa eneo la Bengali, yaani nchi ya Bangladesh na jimbo la Bengali Magharibi nchini Uhindi. Jina hilohilo hutumika pia kwa kitu chenyewe kilichodariziwa: zamani mfarishi au tandiko lililoshonwa kwa sari kuukuu, na siku hizi pia sari mpya ya hariri iliyojazwa mishono ya aina ileile. Mshono wake wa msingi ni bandi, ambao kila anayejifunza kushona huanza nao. Sindano inaingia, inatoka, inaingia tena, na uzi unaacha vistari vifupi vinavyofuatana. Karibu kila kitu katika kantha hutokana na jinsi vistari hivyo vinavyopangwa.

Kwa muda mrefu kantha haikuwa bidhaa. Wanawake waliishona nyumbani kwa ajili ya watoto wao, waume zao, wageni na mabinti wanaoolewa. Sari ya kantha inayoonekana leo katika maduka ya Kolkata na Dhaka ni jambo la karne ya 20, hasa nusu yake ya pili. Mabadiliko hayo yamewaletea wanawake wengi wa vijijini kipato, lakini pia yameleta maswali kuhusu malipo na kuhusu nani mwenye haki ya jina hilo.

Jina

Neno kantha kwa kawaida huhusishwa na neno la Kisanskrit lenye maana ya matambara au vazi la viraka. Nchini Bangladesh kantha yenye mapambo huitwa nakshi kantha. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa neno la kwanza: nakshi ya Kibengali na nakshi ya Kiswahili zote zina asili ya Kiarabu, ila Kibengali kilipokea neno hilo kupitia Kiajemi.

Jina nakshi kantha lilipata umaarufu baada ya mshairi Jasimuddin kuchapisha utenzi wake Nakshi Kanthar Math mwaka 1929. Utenzi huo unasimulia mapenzi ya vijana wawili wa kijijini, Rupai na Saju. Rupai analazimika kukimbia baada ya mapigano, na Saju aliyebaki peke yake anashona kisa cha maisha yao kwenye kantha. Kabla ya kufa anaomba kantha hiyo itandikwe juu ya kaburi lake. Watu wengi wa Bangladesh huijua kantha kwanza kupitia kisa hiki, kabla hata ya kuishika kwa mikono.

Nguo na uzi

Kantha ya zamani ilianza na nguo iliyochoka. Sari ya pamba ina urefu wa mita tano hadi sita hivi, kwa hiyo hata inapochanika sehemu moja bado kunabaki kitambaa kingi. Nguo iliyofuliwa mara mia huwa laini kuliko mpya, ndiyo sababu kantha zilipendwa hasa kwa kuwafunika watoto wachanga, kama vile khanga kuukuu zinavyopendwa kwa kazi hiyohiyo katika Afrika Mashariki. Pamoja na sari zilitumika dhoti, nguo nyeupe ambazo wanaume hujifunga kiunoni. Kwa kuwa dhoti na sari nyingi za kila siku zilikuwa nyeupe zenye pindo la rangi, kantha nyingi za zamani zina sakafu nyeupe.

Uzi nao haukununuliwa. Mshonaji aliuchomoa mmoja mmoja kutoka kwenye pindo za rangi za sari zilezile na kuuzungusha kwenye kijiti. Rangi zilizopatikana kwa njia hiyo zilikuwa chache, hasa nyekundu, buluu na nyeusi, na uchache huo ndio ulioipa kantha ya zamani sura yake.

Vitambaa vitatu, vinne au zaidi vilitandazwa sakafuni kimoja juu ya kingine, vikanyooshwa hadi mikunjo yote iishe, kisha vikashikizwa kwa bandi ndefu ili visisogee. Kazi hii ya mwanzo ilihitaji watu kadhaa, hivyo majirani waliitana. Baada ya hapo kantha ilikunjwa na kushonwa polepole na mtu mmoja au wawili, kwa kawaida mchana baada ya kazi za jikoni, au katika siku ndefu za mvua za masika ya Bengali ambapo hakuna anayetoka nje. Kantha moja iliweza kuchukua miezi au miaka. Zipo zilizoanzwa na mama na kumalizwa na binti.

Mshono

Mshonaji huanza kwa kuzungushia umbo, kwa mfano ua au samaki, mstari wa bandi. Kisha hulijaza umbo kwa rangi. Mwisho hujaza nafasi yote nyeupe iliyobaki kwa mistari ya bandi ya uzi mweupe, inayofuata ukingo wa umbo kama mawimbi yanavyozunguka jiwe lililotupwa majini. Kwa kuwa kila mshono unavuta tabaka zote pamoja, kitambaa kinajikunja kidogo na uso wake unakuwa na mawimbi madogo yanayohisiwa kwa kiganja. Mawimbi haya ndiyo alama ya kantha ya tabaka, na mashine hushindwa kuyaiga vizuri.

Ipo pia mishono iliyoendelezwa kutoka bandi. Vistari vinapopangwa sambamba, kila mstari ukianzia pale mwenzake ulipoanzia, au vikipishana hatua kwa hatua, sura inayotokea hufanana na kitambaa kilichofumwa au mkeka. Wabengali huita mojawapo ya mishono hiyo chatai, yaani mkeka. Katika kantha aina ya lohori, inayojulikana hasa Rajshahi, hakuna picha kabisa. Uzuri wote unatokana na mawimbi ya mistari yenyewe.

Aina kulingana na matumizi

Kantha ziligawanywa kwa kazi zake. Lep ni mfarishi mnene wa majira ya baridi. Sujni ni tandiko kubwa linalotolewa kwa ajili ya mgeni au sherehe. Baiton ni kitambaa cha mraba cha kufungia vitabu na vitu vya thamani, oar ni foronya, na arshilata ni kitambaa chembamba cha kufungia kioo na kitana. Durjani ni mkoba mdogo, pembe zake zikikunjwa ndani kama bahasha, na rumal ni leso ndogo ya mkononi. Nyingine zilishonwa kuwa mkeka wa kukalia wakati wa ibada au kitambaa cha kutandika chini ya chakula.

Mapambo

Katikati ya kantha nyingi kuna yungiyungi lililofunguka, lenye petali nyingi zilizopangwa kwa duara. Pembe nne hushikwa na miti inayoelekea katikati, au na kalka, umbo lenye ncha iliyopinda ambalo wavaaji wa kanga hulijua kwa jina la korosho. Kati ya yungiyungi na pembe ndipo mshonaji alipokuwa huru zaidi. Hapo hupatikana samaki, tembo, farasi, mashua, machela, gari la sherehe la miungu, jua na mwezi, lakini pia ungo, kisu cha jikoni, kitana na kioo. Baadhi ya wanawake walishona vitu walivyoviona vikiingia katika maisha yao katika karne ya 19, kama vile treni na askari wa Kiingereza wenye bunduki.

Kantha zimeshonwa na Wahindu na Waislamu vilevile. Kwa jumla, katika nyumba za Wahindu miungu na watu huonekana mara nyingi zaidi, ilhali katika nyumba za Waislamu hupatikana zaidi mimea na maumbo ya kijiometria. Hata hivyo mpaka huo si mkali, na yungiyungi la katikati hupatikana pande zote mbili.

Kantha chache zina maandishi. Mfano unaojulikana zaidi ni kantha ya karne ya 19 ya Manadasundari, mwanamke aliyeishona kwa ajili ya baba yake na kuandika kwa sindano kwamba ni kazi ya mikono yake. Iko katika Makumbusho ya Gurusaday karibu na Kolkata. Wakati ambapo wanawake wengi wa Bengali hawakujua kusoma wala kuandika, jina lililoshonwa namna hii ni kitu adimu. Kantha nyingi zilizohifadhiwa hazina jina la mshonaji, na mara nyingi hata kijiji zilikotoka hakijulikani.

Historia

Nguo za matambara hazidumu, hivyo kantha zilizopo leo ni za karne ya 19 na baadaye isipokuwa chache. Kutajwa kwake ni kwa zamani zaidi. Kitabu cha Krishnadas Kaviraj kuhusu maisha ya mtakatifu wa Kihindu Chaitanya, Chaitanya Charitamrita, ambacho hutazamwa kama mojawapo ya kazi kuu za fasihi ya zamani ya Kibengali, kinataja kantha.

Katika karne ya 16 na 17 Wareno walinunua kwenye bandari ya Satgaon, katika delta ya Ganges, mifarishi mikubwa ya pamba iliyodariziwa kwa hariri ya manjano ya tasar. Ilikuwa na picha za mawindo, merikebu na hadithi za Biblia, na ilipelekwa Lisbon kwa ajili ya matajiri. Ni zama zilezile ambapo Wareno walishikilia Mombasa. Mifarishi hiyo ilikuwa ya biashara na ilishonwa na mafundi, kwa hiyo haipaswi kuchanganywa na kantha za nyumbani, ingawa inaonyesha kwamba ujuzi wa sindano wa Bengali ulifahamika mbali mapema.

Mwanzoni mwa karne ya 20 kantha ilikuwa ikififia. Vitambaa vya viwandani na mablanketi ya dukani vilikuwa rahisi, na familia za mjini ziliona haya kutandika matambara. Aliyefanya mengi kuikusanya ni Gurusaday Dutt (1882–1941), mtumishi wa serikali ya kikoloni aliyezunguka wilaya za Bengali na kununua au kupewa kantha pamoja na vinyago na picha za watu wa vijijini. Makumbusho yaliyotajwa juu yalitokana na mkusanyo wake. Wakati huohuo Stella Kramrisch (1896–1993), mtaalamu wa historia ya sanaa aliyezaliwa Austria-Hungaria na kufundisha Santiniketan na Kolkata, alikusanya kantha na mwaka 1939 akachapisha makala juu yake akizitazama kama sanaa kamili. Mkusanyo wake sasa uko katika makumbusho ya sanaa ya Philadelphia, Marekani.

Kutoka mfarishi hadi sari

Mwaka 1921 Rabindranath Tagore alianzisha chuo kikuu cha Visva-Bharati huko Santiniketan, wilaya ya Birbhum, na mwaka uliofuata kituo cha maendeleo ya vijiji jirani, Sriniketan. Huko udarizi wa kijijini ulifundishwa pamoja na ufumaji, ngozi na ufinyanzi. Pratima Devi, mke wa mwana wa Tagore, alihusika katika kuendeleza kazi hizi, na wasanii wa shule ya sanaa iliyoongozwa na Nandalal Bose walichora mapambo mapya. Hapa kantha ilianza kuhama kutoka kwenye matambara kwenda kwenye kitambaa kipya: mifuko, shali, kanzu na hatimaye sari.

Kuhama huko kulibadilisha mbinu yenyewe. Sari ni kitambaa cha tabaka moja kinachotakiwa kuanguka vizuri mwilini, hivyo hakiwezi kuwa mfarishi. Bandi haishikilii tena tabaka pamoja; imekuwa pambo tupu. Mawimbi ya kantha ya zamani hupungua sana, na badala yake nguvu yote inaenda kwenye rangi na kwenye ujazo wa mishono. Wapo wapenzi wa kantha za zamani wanaosema kwamba sari hizi si kantha ila ni udarizi wa mtindo wa kantha. Hoja hiyo ina msingi, lakini washonaji wenyewe hulitumia jina moja kwa zote mbili.

Kitambaa kinachotumika zaidi ni hariri ya tasar yenye rangi ya asali na uso wa kukwaruza kidogo, hariri laini, au pamba. Mchoro huchorwa kwanza kwenye karatasi nyembamba, kisha mistari yake hutobolewa kwa sindano. Karatasi hulazwa juu ya sari na kusuguliwa kwa poda iliyochanganywa na mafuta ya taa. Poda hupita matunduni na mchoro hubaki kwenye kitambaa kama vidoadoa. Karatasi moja hutumika kwa sari nyingi.

Mpangilio wa sari unafanana kwa kiasi na ule wa kanga. Kuna pindo linalopita kando kwa urefu, na kuna sehemu ya kati. Tofauti ni anchal, ncha inayotupwa begani na kuning'inia mgongoni, ambayo hupewa udarizi mzito kuliko sehemu nyingine kwa sababu ndiyo inayoonekana. Sari rahisi huwa na maua machache yaliyotawanywa katikati na anchal iliyojazwa. Sari iliyojazwa kote, ambayo karibu hakuna sehemu ya ukubwa wa kiganja isiyopita sindano, huchukua miezi mingi.

Birbhum, hasa eneo la Bolpur na Nanoor, limebaki kuwa kitovu cha sari za kantha upande wa Uhindi, na washonaji wengi wa huko ni wanawake Waislamu wa vijijini. Kuanzia miaka ya 1980 Shamlu Dudeja wa Kolkata, aliyekuwa mwalimu wa hisabati, alisaidia kuzitafutia sari hizi soko la mijini na nje ya nchi. Serikali ya Uhindi imewatunukia nishani ya Padma Shri washonaji wa kantha, miongoni mwao Pritikana Goswami mwaka 2023 na Takdira Begum wa Bolpur mwaka 2024.

Bangladesh baada ya 1971

Upande wa mashariki historia ilikuwa tofauti. Vita vya uhuru vya mwaka 1971 viliacha wajane wengi na wanawake waliotendewa ukatili, wasio na njia ya kujitegemea. Mashirika ya misaada yalitafuta kazi ambayo wanawake hao tayari waliijua na isiyohitaji mtaji, na sindano ilikuwa jibu mojawapo. Shirika la BRAC, lililoanzishwa mwaka 1972 na Fazle Hasan Abed na linalojulikana Tanzania na Uganda kwa mikopo midogo, lilifungua duka la Aarong mwaka 1978 ili kuuza kazi za mikono za vijijini. Kantha za Jamalpur na Jashore zilipata soko kupitia njia hizi.

Mchoraji Surayia Rahman (1932–2018), aliyezaliwa Kolkata na kuhamia Dhaka, alibuni kuanzia miaka ya 1980 kantha kubwa za ukutani zenye matukio ya maisha ya Bengali, zikishonwa kwa hariri na wanawake maskini aliowafundisha. Mwaka 1981 mwandishi Niaz Zaman alichapisha kitabu kuhusu kantha ambacho bado hutegemewa na watafiti.

Malipo na haki ya jina

Kazi ya kantha hufanywa nyumbani na hulipwa kwa kipande, si kwa saa. Mfanyabiashara au wakala hutoa sari iliyokwisha kuchorwa pamoja na uzi, kisha huirudia baada ya miezi. Mshonaji hajui sari itauzwa bei gani, na akiikuta dukani huona bei isiyolingana na alichopata. Kwa kuwa anashona kati ya kupika na kulea, kazi yake huhesabiwa kirahisi kuwa ni ya kujaza muda. Macho na mgongo huchoka mapema. Vikundi vya akiba na ushirika vya wanawake vimewawezesha baadhi yao kununua kitambaa wenyewe na kuuza moja kwa moja, lakini mtaji wa hariri ni mkubwa na anayelipwa mwishoni mwa miezi sita hawezi kusubiri kirahisi.

Mwaka 2008 nakshi kantha ilisajiliwa nchini Uhindi kama alama ya kijiografia ya Bengali Magharibi, yaani jina ambalo kisheria ni la bidhaa za mahali fulani tu. Usajili huo uliwaudhi wengi nchini Bangladesh, ambayo wakati huo haikuwa na sheria ya namna hiyo. Ilipitisha yake mwaka 2013. Mpaka uliochorwa mwaka 1947 unapita katikati ya eneo lililokuwa likishona kantha moja, hivyo kila upande una hoja.

Kutofautisha kantha na nguo nyingine

Jamdani, sari nyingine maarufu ya Bengali, huchanganywa mara nyingi na kantha na wageni. Mapambo yake hayashonwi. Hufumwa kwenye kitanda cha mfumi wakati kitambaa kinatengenezwa. Ufumaji wa jamdani uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi usioshikika mwaka 2013. Baluchari, sari ya hariri yenye picha za watu, nayo ni ya kufumwa. Chikan ya Lucknow ni udarizi wa sindano, lakini kwa kawaida ni mweupe juu ya kitambaa chepesi na hutumia mishono tofauti. Ndugu wa karibu wa kantha ni sujani ya jimbo la Bihar, iliyoanza pia kwa nguo kuukuu na bandi.

Sokoni kuna vitambaa vilivyochapishwa vistari vya rangi ili vionekane kama kantha, na vilivyoshonwa kwa mashine. Njia rahisi ya kuvitambua ni kugeuza kitambaa. Chapa haina uzi wowote nyuma. Mshono wa kawaida wa mashine hauachi nafasi kati ya vistari, kwa sababu hutumia nyuzi mbili zinazokutana. Kwenye kantha ya mkono vistari vya nyuma hukaa pale penye nafasi za mbele, urefu wake haulingani kabisa, na hapa na pale panaonekana pale uzi ulipokwisha na mwingine kuanzwa.